Sakafu ya Mama Élisabeth

Nianze kwa kusema mimi sina hasira. Sisi watu wa Meru tumebandikwa hilo jina na Wakenya wenzetu, ati Mmeru ukimkanyaga kidole kwa bahati mbaya anakwenda kutafuta panga, na nimechoka kujitetea. Ninachosema ni hiki: nikifanya kazi yangu vizuri halafu mtu anipigie simu kuniambia haifanyi kazi, damu inachemka kidogo. Ya nani haichemki?

Kazi yangu ni kupasha sakafu joto. Cheka tu, nimezoea. Durban ni mji ambao watu wa Johannesburg huja kuogelea mwezi wa Julai, katikati ya majira ya baridi, sasa wewe sakafu ya joto unamuuzia nani? Nilipomaliza diploma ya umeme hapa nikampigia mama yangu kumweleza kazi niliyopata, aliniuliza kama huku hakuna jua. Lipo, nikamwambia, lakini liko nje. Nyumba za Durban zimejengwa kulikimbia joto: vigae kila chumba, madirisha mapana, dari juu kule. Chumba kikielekea kusini hakilioni jua tangu Mei mpaka Septemba. Mtu anakaa uani na fulana, akiingia ndani anatafuta sweta.

Chumba cha Mama Élisabeth kilielekea kusini, na ukuta wake mmoja ulikuwa umeegemea udongo wa kilima. Ni nyumba ya Sydenham, ile mitaa ya mteremko. Mama mwenyewe ni mtu wa Bukavu. Alikuja mwezi wa tano kwa mwanawe Pascal, anayetengeneza simu pale soko la Warwick, ili amngoje mjukuu wake wa kwanza. Mke wa Pascal, Laetitia, alikuwa anatarajia kujifungua katikati ya Agosti. Laetitia hana mama, alimpoteza akiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo mama mkwe ndiye mama. Siku ya kwanza tu, hata hatujazoeana, aliniambia kwamba uchungu haumtishi, hospitali haimtishi, kinachomtisha ni kurudi nyumbani na mtoto mikononi akute hakuna mtu mzima ndani ya nyumba. Yeye ana miaka ishirini na tisa. Nilimwelewa kabisa.

Sasa huyo mtu mzima alikuwa anaganda. Juni ilipoingia Mama Élisabeth alivaa soksi jozi tatu, akavaa koti la Pascal juu ya kitenge, akasema kwa sauti ya chini, maana yeye hapigi kelele, "Hapa iko frigo," yaani friji. Pascal akaninunulia chai, akaniomba nimwokoe mama yake.

Nilimwokoa kisawasawa. Tulivunja vigae vya zamani, mimi na fundi wa saruji. Kwanza tukatandika mbao za povu gumu, ili joto lisizame udongoni, kwa sababu ukiruka hatua hiyo utakuwa unawapasha minyoo. Juu yake nikalaza waya mmoja mrefu, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, kama matuta ya viazi. Katikati ya mistari miwili nikaficha kipimo kidogo cha kusoma joto, ambacho kinazungumza na kidude cha ukutani, thamostati. Kisha saruji ya unene wa vidole vitatu, kisha vigae vipya. Waya naupima kwa mita mara tatu, kabla ya saruji, baada ya saruji na baada ya vigae, kwa kuwa mwiko wa fundi ukiukwaruza mahali pamoja tu, kazi yote imekwenda na maji.

Baada ya hapo mnangoja. Wiki tatu, saruji ikauke yenyewe bila kuharakishwa, maana ukiwasha mapema inapasuka. Mama alihamia kwenye kochi la sebuleni. Pascal alinipigia kila siku ya Mungu kuniuliza kama bado, na kila siku nilimjibu kwamba haraka haraka haina baraka, mpaka siku moja akaniambia nibadilishe angalau methali.

Mwanzo wa Julai nikawasha. Kesho yake asubuhi tulivua viatu mlangoni wote wanne tukaingia. Jamani, ilikuwa tamu. Si joto la kukuchoma nyayo, ni joto la kukufanya usahau kwamba una nyayo. Laetitia alicheka peke yake. Pascal akasimama katikati ya chumba akatangaza kwamba hii hii, bila kupunguza kitu, atamwekea mtoto chumbani kwake. Mama Élisabeth akakanyaga kigae kimoja, akakanyaga cha pili, akasema, "Ee." Mimi nikadhani ndiyo shukrani ya Bukavu.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumatatu asubuhi, Laetitia akanipigia.

"Dada Kagendo, sakafu imekufa."

"Haijafa," nikamwambia. "Sakafu yangu haifi."

"Imekufa. Na Maman amebadilisha tiketi. Ilikuwa ya Septemba. Sasa anaondoka Alhamisi hii." Nikasikia anavuta kamasi. "Anasema hawezi tena na hii baridi. Mimi nitafanya aje?"

Sikumaliza hata chai yangu. Nilipofika Sydenham Mama alikuwa kanisani na wenzake, na Laetitia alikuwa amekaa kitandani kwa mama mkwe wake, miguu imevimba, macho mekundu. Kweli chumba kilikuwa baridi. Nikapiga magoti nikatoa mita nikapima waya, maana kama kuna mahali umekatika ilibidi nivunje kila kitu. Waya ulikuwa mzima kama siku niliyoulaza. Nikafungua thamostati. Umeme unafika, kipimo kinasoma, kila kitu sawa.

Hapo nikakumbuka kwamba kile kidude kinahesabu saa kilizofanya kazi. Kwa siku kumi na mbili kilitakiwa kiwe kimepita saa mia na hamsini. Kilisoma thelathini na nne.

"Nani anazima?" nikauliza.

Laetitia akanitazama. "Si inajizima yenyewe? Kila siku saa kumi jioni naikuta imezima, naiwasha."

Nilivuta pumzi. Nikamweleza polepole, na polepole si desturi yangu. Sakafu hii si taa, kwamba ubonyeze na iwake papo hapo. Ile saruji ni kama sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe: inachelewa kupata moto, na ikishapata inachelewa kupoa, na raha yake yote iko hapo. Waya unaipasha saruji taratibu, saruji inavipasha vigae, vigae vinatoa joto kwa kila kitu kilichomo chumbani, kitanda, ukuta, na wewe mwenyewe. Ukiiwasha saa kumi halafu mtu akaizima saa moja, ndiyo kwanza ilikuwa inaamka. Ni sawa na kuinjika maharagwe robo saa, ukaepua, kesho ukainjika tena robo saa, halafu ukalaumu maharagwe.

"Mimi sizimi," akasema Laetitia.

"Najua si wewe."

Nilijua ni nani. Nilijua kabisa. Nikapanda teksi mpaka Warwick na kila robot nyekundu, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, ilizidi kunichemsha damu. Pascal ana kibanda chake karibu na wauza dawa za mizizi, na nilimkuta ameinamia simu ya mtu na bisibisi ndogo kama sindano. Sikumsalimia.

"Pascal, wewe ni bahili," nikamwambia mbele ya wateja wawili. "Mama yako anaondoka kwa sababu unamzimia sakafu ili kubana umeme. Mke wako analia. Huoni haya?"

Wateja wakatazama pembeni. Pascal akaweka bisibisi chini taratibu.

"Ma sœur, dada yangu," akasema, "yule ni mama yangu. Alinibeba mgongoni kukimbia vita, nikiwa na miaka mitano, siku tisa. Wewe unafikiri mimi namhesabia moto?"

Yule mteja mmoja, Mzulu mnene mwenye kofia, hakuelewa hata neno la Kiswahili lakini alinyonya meno akasema "Eish" kwa niaba ya Pascal.

"Nimemuuliza mara tatu," Pascal akaendelea. "Maman, ni nini? Tumekukosea wapi? Anasema baridi. Kila mara baridi. Lakini mimi namjua. Kuna kitu iko nyuma ya hiyo baridi."

Niliomba msamaha. Kwangu hiyo si kazi ndogo, na niliifanya mbele ya wale wale wateja wawili, kwa kuwa ndio walionisikia nikimtukana. Pascal akasema sharp, yameisha, lakini uso wake haukusema yameisha.

Jumanne nikarudi Sydenham saa tano. Laetitia alikuwa amekwenda kliniki. Mama alikuwa jikoni anachambua sombe, kisamvu chao, akanifungulia, akaniambia "Karibu, mwana" na kurudi kwenye mboga zake. Nikamwambia naenda kuangalia pembe za chumba. Sikudanganya: nilikuwa nyuma ya kitanda, nimelala kifudifudi nikikagua ukingo wa vigae, na sakafu nimeiwasha mwenyewe, Mama alipoingia kuchukua leso. Nadhani alikuwa ameshasahau kwamba niko. Akaenda moja kwa moja ukutani, akabonyeza, tii, akazima. Kisha akafungua dirisha wazi lote, upepo wa kilimani ukaingia.

Nikainuka. Mama wa watu nusura azimie.

"Mama," nikamwambia, "kumbe ni wewe."

Hasira ilinipanda mpaka hapa kooni. Siku kumi na mbili. Mkaza mwana analia, mwana nimemtukana sokoni, mimi nimepiga magoti nikipima waya usio na kosa. Ila huyu ni mtu wa umri wa nyanya yangu, na mtu wa umri wa nyanya yako humfokei, unaimeza na mate. Nikameza. Naye akakaa kitandani, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kabisa.

"Wewe uko na mimba?"

"Mimi? Hapana, Mama."

"Hakika?"

"Mama, hata mchumba sina."

"Basi funga mlango."

Nikafunga. Akaanza kusema kwa sauti yake ile ya chini, huku anakunja na kukunjua leso.

"Mbele ya Pascal nilikuwa na mutoto mwingine. Binti. Jina yake Spès. Alikuwa na miaka tatu. Ilikuwa mvua, na kwetu Bukavu mvua ni baridi, na yeye alikuwa anakohoa. Nikaingiza mbabula ndani."

Mbabula ni jiko la makaa. Sisi wote tumekua nalo.

"Nilingoja moshi uishe, kama mama yangu alinifundisha. Makala ikawa nyekundu, muzuri, hakuna moshi hata kidogo. Nikafunga dirisha na mlango ili joto isitoke. Nikaenda kwa jirani, kulikuwa na msiba, nikasaidia kupika. Saa mbili tu. Niliporudi alikuwa amelala vizuri. Nikamwita aje kula." Akakunja leso. "Nikamwita tena."

Upepo ulikuwa unapiga pazia. Sikuinuka kulifunga lile dirisha.

"Watu walisema ni homa. Nikawaacha waseme homa. Baba yake Pascal alikufa akijua homa. Pascal anajua homa. Tangu siku ile mimi silali mahali pana moto, na silali dirisha imefungwa. Hata hapa."

"Hata Juni?" nikauliza. "Usiku kucha?"

"Hata Juni."

Kumbe frigo ilikuwa na mlango wazi tangu siku ya kwanza. Nilijisikia mjinga, na nikamwonea huruma. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi tulikuwa tumemlaza huyu mama juu ya unyasi tukamngoja atushukuru.

"Mbona hukuwaambia, Mama?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kitu cha kitoto. "Laetitia ana mimba. Mtu hamwambii mwenye mimba habari ya mutoto aliyekufa. Kwenu munafanya hivyo?"

"Hapana. Hata kwetu hapana."

"Sasa Pascal anasema ataweka huu moto chini ya mutoto. Anafurahi. Nitamwambia nini? Siwezi kusema, na siwezi kukaa hapa nikiangalia. Ni afadhali niende."

Basi baridi haikuwa baridi. Nikakaa chini, hapo hapo kwenye vigae, nikajaribu kusema kwa makini kuliko nilivyowahi kusema na mteja yeyote. Nikamwambia, Mama, kilichomchukua Spès si joto. Makaa yanapoungua kwenye chumba kilichofungwa yanatoa sumu, na hiyo sumu haina moshi, haina harufu, hata mama yako asingeweza kuijua. Ili itoke, lazima kitu kiungue. Hapa chini hakuna kinachoungua. Ni waya tu, na hauna moto mkali. Sakafu ikishiba inafika nyuzi ishirini na saba, na mwili wako wewe una thelathini na saba. Ukiilalia, wewe ndiye wa moto zaidi. Na haipulizi hewa, haikaushi koo, haitimui vumbi. Ni kama ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, jioni ukiuegemea mgongo unauhisi. Nani amewahi kufa kwa kuegemea ukuta?

Alisikiliza mpaka mwisho. Yule mama anajua kusikiliza.

"Umesema ile haikuwa na moshi wala harufu," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii pia haina moshi wala harufu."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi nitajua aje?"

Nina cheti cha umeme, nina mita ya kisasa, na huyu mama wa Bukavu alikuwa amenikamata kwa swali moja. Maneno yangu yote hayakuwa na uzito mbele ya mtu aliyemwita mwanawe mara mbili. Na hapo ndipo ile tabia yangu, ambayo si hasira, iliponiponyoka.

"Sawa," nikasema. "Kesho saa saba mchana nitakuja nilale hapa. Chini, juu ya vigae. Mlango tumefunga, dirisha tumefunga. Sakafu inawaka kuanzia sasa hivi, na wewe usiiguse. Utakaa hapo kitandani unitazame."

"Na ukikufa?"

"Nikifa usipande ndege. Unizike kwanza."

Hakucheka. Akasema usiku huo yeye atalala sebuleni. Nikawasha. Kwa Pascal na Laetitia nilisema tu kwamba nafanya majaribio na asiguse mtu, na hilo lilikuwa kweli. Laetitia akaniuliza kama kuna tumaini. Nikamwambia sijui, na hilo pia lilikuwa kweli.

Jumatano nilifika nimechoka. Tangu alfajiri nilikuwa Clairwood, kwenye ofisi za ghala moja la malori, nikivuta nyaya. Sanduku la Mama lilikuwa limesimama ukumbini, limefungwa kamba. Mama akanipeleka chumbani mwenyewe. Alikuwa amechungulia mara sita usiku, akaniambia, kuona kama chumba kinaungua. Thamostati ilisoma ishirini na saba. Hewa ya chumba ilikuwa ya kawaida tu, ukivuta puani huhisi kitu, lakini kitanda, kiti, ukuta, vyote vilikuwa vimetulia, na ile kero ya ubaridi kwenye vifundo vya miguu haikuwepo. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi ikiachwa ifanye kazi: chini joto, kichwani hewa baridi kidogo, na mwili hauna cha kulalamika. Nikamwona Mama amesimama na soksi jozi moja tu.

Nikafunga dirisha. Nikafunga mlango. Nikaweka begi langu la vifaa pembeni, sweta chini ya kichwa, nikalala chali juu ya vigae. Mama akapanda kitandani na rozari yake, akanikazia macho.

"Kagendo."

"Naam, Mama."

"Uko?"

"Niko."

Dakika mbili.

"Kagendo. Mama yako anaitwa nani?"

"Nkatha."

"Na dada yako?"

"Sina dada, Mama. Usinitege."

"Naangalia kama kichwa iko sawa."

Akaniuliza mbili mara saba ni ngapi. Akaniuliza jina la rais wetu, nikamwambia hilo linanipandisha damu, tusubiri nifufuke kwanza. Akaniambia nikohoe, nikakohoa. Akaniambia niinue mkono, nikainua. Nilitaka kumwambia kwamba kwa namna hii hata mtu mzima wa afya anaweza kufa, kwa usumbufu, lakini joto lilikuwa linanipanda mgongoni, mifupa yote ya Clairwood inalegea, na nakumbuka mara ya mwisho niliyosema "niko" sauti yangu ilitokea mbali. Nikalala. Ningefanya nini tena, nilikuwa nimechoka.

Nilipoamka mwanga wa dirishani ulikuwa umeanza kufifia. Ilikuwa kama saa tisa na nusu. Nikataka kugeuka nikashindwa, mkono wangu wa kushoto umekufa ganzi. Mama Élisabeth alikuwa amelala pembeni yangu, chini, kwenye vigae vitupu, kichwa juu ya mkono wangu, kiganja chake kimoja juu ya kifua changu. Alikuwa ameshuka kunisikiliza kama napumua. Akasikiliza, akasikiliza, akapitiwa. Alikuwa anakoroma taratibu, mdomo wazi, rozari shingoni mwangu. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Sikuthubutu kusogea. Nilikaa hivyo nikihesabu nyufa za dari, na machozi yananitoka yanaingia masikioni, na ukisema nililia nitakataa.

Mlango ukafunguliwa. Laetitia alikuwa amerudi na Pascal, aliyefunga kibanda mapema ili akapime uzito wa sanduku. Wakatukuta wawili tumelala sakafuni hatutikisiki. Laetitia akaweka mkono mdomoni. Nikainua kidole kimoja, polepole, kuwaambia wanyamaze.

"Amelala?" Pascal akanong'ona. "Maman halali mchana. Hajawahi."

Kunong'ona kwa Pascal ni sawa na kuongea kwa watu wengine. Mama akafumbua macho. Akainuka akakaa, kilemba kimekwenda upande. Akatazama mlango, akatazama dirisha kwa muda, kisha akanitazama mimi mpaka nikamwambia "Niko" bila kuulizwa. Halafu akaweka kiganja juu ya kigae, akakiacha pale.

"Kagendo," akasema, bila kumtazama mwanawe wala mkaza mwana wake. "Ile chumba ya mutoto. Itakamata siku ngapi?"

"Kuvunja na kulaza waya siku tatu, Mama. Halafu wiki tatu saruji ikauke."

"Haiwezi kuharakishwa?"

"Haiwezi."

"Basi anza kesho."

"Maman," Pascal akasema, "kesho ndiyo ndege."

"Nimesikia. Mimi siko kiziwi." Akafunga kilemba chake upya, akakikaza. "Mutoto hatalala mule mpaka mimi nilale wa kwanza. Usiku tatu. Mlango imefungwa."

Pascal hakuelewa, na mpaka leo hajaelewa, wala si mimi nitakayemweleza. Laetitia naye hakuelewa, ila la muhimu alilisikia. Akashika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine, akajishusha polepole mpaka chini, akakaa kwenye vigae karibu na mama mkwe wake, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Mama Élisabeth akasogea kumpa nafasi mahali palipokuwa na joto zaidi, pale alipokuwa amelala yeye. Mimi nikachukua futi yangu nikaenda kupima chumba cha mtoto.